Dawa ya sukari kwenye wodi ya saratani ya damu

Juni 2011 mamlaka ya dawa ya Ufaransa iliwataka madaktari waache kuwaandikia wagonjwa pioglitazoni, kidonge cha kisukari kilichokuwa kikiuzwa katika nchi nyingi kwa jina la Actos. Bima ya afya ya nchi hiyo ilikuwa imepekua kumbukumbu za wagonjwa wa sukari karibu milioni 1.5, ikakuta kwamba waliomeza dawa hiyo walipata saratani ya kibofu cha mkojo kwa kiwango kilichozidi kidogo kile cha wenzao. Ujerumani nayo ikaagiza wagonjwa wapya wasianzishiwe. Huko Marekani kesi zilifunguliwa kwa maelfu, na mwaka 2015 kampuni ya Kijapani ya Takeda, iliyoitengeneza dawa hiyo, ikakubali kulipa takriban dola bilioni 2.4 ili yaishe.

Mwaka huohuo wa 2015 jarida la Nature likachapisha utafiti uliotoka Ufaransa hiyohiyo. Pioglitazoni, ikitolewa sambamba na dawa ya saratani ya damu, ilikuwa imefuta mabaki ya ugonjwa kwa wagonjwa watatu ambao tiba ya kawaida ilishindwa kuwasafisha kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kidonge kilichoshukiwa kuleta saratani kwenye kibofu kilionekana kusaidia kuing'oa kwenye damu. Habari ya namna hii ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hupunguzwa hadi kubaki maneno matano, "dawa ya sukari yatibu saratani", na kesho yake kuna mtu yuko dirishani kwa muuza dawa anaulizia bei. Habari yenyewe ni ndefu kuliko hivyo, na kwa maoni yangu inavutia zaidi ikisimuliwa kwa urefu wake.

Saratani inayohusika inaitwa lukemia sugu ya mailoidi, ila kwenye kliniki zetu huitwa zaidi kwa herufi zake tatu, CML. Huanzia ndani ya seli shina moja ya uboho, pale kipande cha kromosomu ya 9 kinapobadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 22. Peter Nowell na David Hungerford, watafiti wa mji wa Philadelphia, waliiona kromosomu hiyo iliyofupika mwaka 1960, ndiyo maana hadi leo inaitwa kromosomu ya Philadelphia. Janet Rowley wa Chicago akaonyesha mwaka 1973 kwamba vipande vilikuwa vimehamiana. Penye kiungo hicho huzaliwa jeni isiyokuwapo kwa mtu mzima wa afya, BCR-ABL, nayo hutengeneza kimeng'enya kinachoiamrisha seli izaliane bila kikomo. Chembechembe nyeupe hufurika kwenye damu, bandama huvimba, mgonjwa hukonda na kutoka jasho usiku. Huku kwetu mtu huweza kutembea na bandama hiyo miezi kadhaa akitibiwa malaria, kisha malaria tena, mpaka daktari mmoja aagize kipimo cha picha kamili ya damu.

Mei 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Glivec. Brian Druker, daktari wa Oregon, alikuwa amehangaika nayo kwa miaka akiamini kwamba ukiziba tundu ambamo kimeng'enya cha BCR-ABL hupatia nguvu zake, seli ya saratani itakufa na jirani zake watabaki salama. Aliamini sawasawa. Ugonjwa uliokuwa ukiua wengi ndani ya miaka michache ukageuka ugonjwa wa kunywea kidonge, na mgonjwa ambaye dawa imemkubali leo anaweza kutarajia maisha yenye urefu unaokaribia ule wa jirani yake asiyeumwa. Kwa miaka mingi Watanzania waliipata bila malipo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Wakenya katika Nairobi Hospital, kupitia mpango wa msaada wa kampuni ya Novartis ulioendeshwa pamoja na Max Foundation.

Tatizo ni kwamba kidonge hicho kinanywewa kila siku, na hakina tarehe ya mwisho. Imatinibu huziua seli za saratani zilizo kazini. Zile seli shina zilizolala, ambazo hazigawanyiki wala hazina haraka, haziguswi sana. Mwaka 2010 François-Xavier Mahon na wenzake wa Bordeaux walichapisha majibu ya jaribio lililohitaji ujasiri: wagonjwa 100 ambao vipimo vyao havikuwa vimeona hata chembe ya ugonjwa kwa angalau miaka miwili waliambiwa waache dawa. Takriban wanne kati ya kila kumi walibaki salama. Wengine ugonjwa uliwarudia, wengi wao ndani ya miezi sita ya mwanzo. Waliporudishiwa dawa ilifanya kazi tena, kwa hiyo jaribio halikuwa la kinyama, lakini lilionyesha wazi kwamba damu inayosomeka safi kwenye karatasi ya maabara inaweza kuwa imeficha kitu kwenye uboho.

Njia iliyowafikisha Wafaransa kwenye dawa ya sukari ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu ilipitia mahali ambapo hakuna aliyepatarajia: virusi vya UKIMWI.

Stéphane Prost na wenzake, katika maabara za kituo cha utafiti cha CEA kilichoko Fontenay-aux-Roses, nje kidogo ya Paris, walikuwa wakijiuliza kwa nini watu wenye VVU hupungukiwa na damu ya kila aina wakati virusi haviingii kwa wingi ndani ya seli shina za uboho. Walichunguza nyani wa jamii ya makaki walioambukizwa virusi vinavyofanana na vya binadamu. Jibu lao, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa kwamba protini moja ya virusi, Nef, hutoka nje ya seli iliyoambukizwa na kwenda kuisumbua seli shina iliyo nzima. Ndani ya seli hiyo protini ile huamsha kipokezi kiitwacho PPAR-gama, nacho kikishaamka hukandamiza protini nyingine, STAT5, ambayo seli shina huitegemea katika kazi yake ya kuzalisha damu.

Mtu anayeijua lukemia akisoma hapo lazima anyanyue kichwa. STAT5 ndiyo protini ambayo BCR-ABL huipandisha kupita kiasi, na seli shina za CML haziishi vizuri bila hiyo. Na PPAR-gama ndicho kipokezi ambacho pioglitazoni imetengenezwa ili ikiamshe. Ndivyo dawa hiyo inavyoufanya mwili wa mgonjwa wa sukari uisikie insulini yake upya. Dawa ilikuwa tayari kwenye rafu za maduka tangu mwaka 1999, dozi zake zinajulikana, madhara yake yameshaandikwa. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuunganisha nukta hizo, na aliyeziunganisha alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa.

Kazi ya 2015, ambayo Prost aliifanya na Philippe Leboulch, Philippe Rousselot na wengine, ilionyesha hatua zilizofuata. STAT5 ikishuka, huporomoka pia protini mbili zinazoiweka seli shina ya saratani usingizini, HIF2-alfa na CITED2. Seli huamka. Ikiamka huanza kugawanyika, na ikigawanyika imatinibu huikuta. Wale wagonjwa watatu walipewa pioglitazoni kwa muda tu, huku wakiendelea na imatinibu yao. Wote walifika mahali ambapo kipimo cha jeni hakikuona tena ugonjwa, na mmoja alikuwa bado hivyo miaka 4.7 baada ya kuacha kidonge cha sukari.

Watatu hawatoshi hata kujaza benchi la kliniki. Rousselot, wa hospitali ya Versailles, akaendesha jaribio la watu 24 ambao imatinibu ilikuwa imewafikisha pazuri lakini haijawamalizia safari. Baada ya mwaka mmoja wa kuongezewa pioglitazoni, asilimia 56 walifikia kile kiwango cha chini kabisa cha ugonjwa ambacho daktari hukitaka kabla hajathubutu hata kufikiria kusimamisha tiba. Katika kundi la kulinganisha, lililoendelea na imatinibu peke yake, waliofika hapo walikuwa asilimia 23. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Sasa subira kidogo. Katika jaribio lile wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na hakukuwa na kidonge kisicho na dawa cha kulinganishia. Inawezekana waliopewa pioglitazoni walikuwa tayari na unafuu fulani. Isitoshe, watu 24 ni wachache mno kuonyesha madhara yanayompata mtu mmoja kati ya mia tano. Pioglitazoni hujaza maji mwilini na kuvimbisha miguu, na kwa mwenye moyo dhaifu maji hayo yanaweza kuua. Imatinibu nayo hujaza maji. Ukiziweka pamoja kwa mzee wa miaka 65 mwenye presha, unahitaji jicho la daktari kila mwezi. Hofu ya kibofu imepungua kiasi, maana utafiti wa California uliofuatilia karibu watu 193,000 wenye sukari, uliochapishwa pia 2015, haukuthibitisha ongezeko kubwa la saratani hiyo, lakini tahadhari bado imeandikwa kwenye boksi.

Kilichohitajika baada ya hapo ni jaribio kubwa, la mamia ya watu, na kura ya haki. Hapo ndipo mwendo ulipopungua. Wakati huo zilikuwa zimeshaingia dawa mpya kali kuliko imatinibu, kama dasatinibu na nilotinibu, zenye kampuni nyuma yake na bei ya kuzilinda. Hataza ya pioglitazoni ilikuwa imekwisha, kila kiwanda kinaweza kuitengeneza, na hakuna mwenye hisa atakayekubali kulipia jaribio la mamilioni ya dola ili mshindani wake auze kidonge kwa senti. Sioni haja ya kutafuta njama hapa. Hesabu za kawaida za biashara zinatosha kueleza kwa nini wazo zuri linaweza kukaa njiani miaka kumi likisubiri mtu wa kulilipia nauli.

Pioglitazoni ina jamaa yake maarufu zaidi. Mwulize mtu yeyote anayehudhuria kliniki ya sukari, awe Tanga, Kisumu au Bukavu, na jina litakalomtoka ni metfomini. Ndiyo dawa ya kwanza anayopewa, mara mbili kwa siku, na chakula, na wengi watakuambia kwamba wiki za mwanzo iliwasumbua tumbo. Asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa na waganga wa huko kwa karne nyingi. Emil Werner na James Bell waliitengeneza metfomini maabarani Dublin mwaka 1922, ikakaa bila kazi ya maana, mpaka Jean Sterne wa Paris alipotangaza mwaka 1957 kwamba inashusha sukari. Marekani haikuiruhusu hadi Desemba 1994, kwa sababu ndugu yake, fenformini, alikuwa ameondolewa sokoni miaka ya 1970 baada ya kuwajazia watu asidi kwenye damu.

Mwaka 2005 watafiti wa Dundee, Scotland, walipekua kumbukumbu za wagonjwa wa sukari wa eneo lao na kuona kwamba waliotumia metfomini walipata saratani kwa uchache kuliko wasioitumia. Zilikuwa kurasa mbili tatu tu katika jarida la BMJ, lakini zilifungua bwawa. Kwa miaka iliyofuata kila aina ya saratani ilipimwa dhidi ya metfomini, na karibu kila mara majibu yalikuwa mazuri, tena mazuri mno. Samy Suissa na Laurent Azoulay wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ndio waliokaa chini mwaka 2012 na kuonyesha kilichokuwa kikiendelea. Ili uhesabiwe mtumiaji wa metfomini, lazima uwe umeishi muda wa kutosha kuandikiwa metfomini. Aliyekufa mapema anaangukia kundi la wasioitumia. Ni kama kuwahesabu waliokwenda hija wakiwa na miaka sitini, kisha kutangaza kwamba hija hurefusha umri, kwa sababu waliokufa na hamsini hakuna hata mmoja aliyefika Maka.

Jaribio la haki lilipofanyika, jibu lilikuwa kavu. Pamela Goodwin wa Toronto aliongoza utafiti wa wanawake na wanaume 3,649 waliotibiwa saratani ya matiti bila kuwa na kisukari, nusu wakipewa metfomini kwa miaka mitano na nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2022: saratani ilirudi kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Ninawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo, na hasa waliochangia fedha za umma kuilipia, maana bila wao tungekuwa bado tunauziana matumaini.

Mtu angeweza kufunga faili hapo. Ninavyoona mimi, kasoro ya miaka ile ilikuwa kwenye swali. Kuuliza kama metfomini inatibu "saratani" ni kuuliza jambo pana mno, kwa kuwa magonjwa yanayobeba jina hilo ni mamia na kila moja lina udhaifu wake. Wafaransa wa pioglitazoni walijua wanamtafuta nani: seli shina ya CML, inayoegemea STAT5. Kwa metfomini swali la namna hiyo lilikuja kuulizwa baadaye, na majibu yake yalichapishwa katika Nature mwaka 2025.

Yanahusu lukemia nyingine, ile kali ya mailoidi, AML, ambayo inaweza kumwondoa mtu ndani ya wiki chache. Kabla haijazuka mara nyingi huwa kuna kipindi kirefu cha kimya. Mtu anapozeeka, seli shina moja ya uboho wake hupata hitilafu kwenye jeni, ikapata nguvu kidogo kuliko wenzake, na kizazi chake kikaanza kutawala damu. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa kupita miaka 70 wana kizazi cha namna hiyo mwilini. Wengi hawataugua kamwe. Jeni inayoongoza kwa kupata hitilafu hizo ni DNMT3A, na ndani ya jeni hiyo kuna sehemu moja, R882, ambayo ikiharibika hatari ya lukemia hupanda waziwazi.

Timu ya George Vassiliou wa Cambridge ilichukua seli za panya zenye hitilafu hiyo na kuzima jeni zake moja baada ya nyingine ili kuona ni ipi ikikosekana seli hufa. Ikajitokeza kwamba seli hizo zinaitegemea mitokondria, mtambo wa nishati wa seli, kuliko seli za kawaida zinavyoutegemea. Metfomini, tangu zamani, inajulikana kwamba hupunguza kasi ya mtambo huohuo. Panya walipopewa metfomini, seli zenye hitilafu zilipoteza ubabe wao. Kisha watafiti wakageukia hifadhi ya taarifa za afya ya Uingereza, UK Biobank, yenye watu zaidi ya 412,000 waliofaa kuchunguzwa, na kukuta kwamba wanaotumia metfomini hawakuwa na hitilafu ya R882 kwa wingi kama wengine, hata baada ya kuzingatia kisukari na uzito wa mwili. Kundi la Steven Chan, huko Toronto, lilifika mahali karibu na hapo kwa njia yake lenyewe, na kazi zote mbili zikachapishwa katika jarida hilohilo.

Panya ni panya, na kumbukumbu za hospitali tumeshaona zinavyoweza kudanganya. Tofauti na zamani ni kwamba safari hii kuna seli inayojulikana, hitilafu inayopimika, na sababu inayoeleweka ya kwa nini dawa hii iiguse seli hiyo na kuziacha nyingine. Jaribio la haki linaweza kupangwa juu ya msingi huo: chukua watu wenye R882 ambao bado hawajaugua, wape metfomini au kidonge kitupu, hesabu. Ikitokea kwamba inafaa, itakuwa dawa ya kuzuia lukemia. Aliyekwisha kulazwa na AML hatapona kwa metfomini, na hakuna mtafiti hata mmoja niliyemtaja hapa anayedai vinginevyo.

Kuna dalili nyingine zilizotawanyika. Huko Marekani, mwaka 2015, watafiti walifuatilia maveterani 2,003 wenye kisukari na pia protini isiyo ya kawaida kwenye damu, hali ambayo huweza kugeuka mailoma. Waliokaa na metfomini miaka minne au zaidi walipata mailoma kwa uchache. Mexico nako madaktari waliichanganya na tiba ya lukemia ya limfu wakaona wagonjwa wachache wanarudiwa, hasa wale ambao seli zao zilikuwa hodari wa kuitapika dawa. Nazitaja kwa haraka kwa sababu zinahitaji majaribio ya haki kabla hatujazitegemea.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani mambo haya ya dawa kuhamishwa kazi yanafanyika mbali tu. La. Mfano mzuri kuliko yote ulifanyika kwetu, na ulikwenda kinyume: dawa ilitoka kwenye saratani ya damu ikaenda kwingine. Haidroksiyurea ndiyo iliyokuwa ikiwatuliza wagonjwa wa CML kabla ya Glivec, na hadi leo madaktari huitumia kushusha chembechembe nyeupe wakati majibu ya jeni yanasubiriwa. Marekani ilishaikubali kwa selimundu tangu 1998. Barani kwetu iliogopwa: dawa inayopunguza nguvu ya uboho, apewe mtoto anayeishi kwenye mbu? Ndipo jaribio la REACH likafanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na watoto 606 wakatibiwa. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria, ile iliyoogopwa, ilishuka kwa karibu nusu. Jambo hilo lisingejulikana kwa kusoma tafiti za Boston. Ilibidi lipimwe mahali penye malaria.

Ndiyo maana nashangaa kuona maswali ya pioglitazoni na metfomini yakiachiwa Paris na Cambridge peke yao. Wagonjwa wa CML wa ukanda huu hugunduliwa wakiwa vijana kuliko wa Ulaya, watu wenye watoto shuleni na miongo ya kumeza vidonge mbele yao, wakitegemea msaada ambao uamuzi wake unafanyika nje ya nchi. Kama kuna watu wenye sababu ya kutaka tiba yenye mwisho, ni hawa. Vidonge vya sukari vyenyewe havina gharama kubwa. Kinachokosekana ni kipimo cha BCR-ABL kinachofanyika kila miezi mitatu bila kukosa, maana bila namba hiyo hujui nani amesafika na nani bado, na kumwachisha mtu dawa bila kuijua ni kumhatarishia maisha. Mashine ya kukifanya ipo tayari katika hospitali zetu nyingi: ni GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, ila kila kipimo kina kikasha chake, na kikasha cha BCR-ABL kina bei kubwa kuliko cha TB. Wizara zetu za afya zikianza kuvinunua vikasha hivyo kwa mpango, kama zinavyonunua vya kifua kikuu, mgonjwa atafaidika hata kama pioglitazoni haitafika popote.

Kwa msomaji anayetumia Glivec, au ndugu yake anayetumia: usiruke dozi na usiiache kwa sababu unajisikia vizuri, wala usijiongezee kidonge cha sukari cha jirani. Ukienda kliniki, uliza kipimo chako cha mwisho cha BCR-ABL kilisomeka ngapi na kinachofuata ni lini. Na anayetumia metfomini aendelee kuitumia kwa ajili ya sukari yake, akapime figo kama alivyoelekezwa, kwa kuwa figo zikidhoofika dawa hiyohiyo huanza kurundikana mwilini.